Nilipanga Nyumba Kilimani Ili Rafiki Yangu Asifike

Mpendwa Bi. Polikseni,

Naomba unisaidie, mama, maana hili siwezi kulisema nyumbani na kulimeza nimeshindwa. Mimi ni binti wa miaka ishirini, kwetu ni Florina, nasoma kilimo mwaka wa pili hapa Thesaloniki, na nina rafiki, tumwite Anthula, ambaye nimekuwa naye tangu darasa la kwanza. Anthula alizaliwa na miguu dhaifu, anatembelea magongo mawili, na tangu utotoni mimi ndiye niliyembebea mkoba, niliyemfungulia milango, niliyemshika kiuno theluji ikianguka, mpaka pale kwetu watu wakazoea kuniita miguu ya Anthula, na mama yake kila Pasaka huniletea mkate mtamu kabla hajawapelekea ndugu zake mwenyewe. Mwaka jana tulikaa chumba kimoja hosteli, mwaka huu hosteli ikafungwa kwa ukarabati, ikabidi tutafute nyumba mtaani, na mama zetu wakakubaliana kwa simu kwamba tutakaa pamoja, sisi tukaarifiwa tu.

Anthula alikuwa na mitihani ya marudio mwezi huu wa Septemba, kwa hiyo kazi ya kutafuta ikawa yangu. Nilizunguka wiki nzima. Katikati ya mji, karibu na Rotonda, vyumba ni giza na chini kuna baa mlango kwa mlango. Halafu nikafika mtaa wa Tumba, nikaona nyumba ya chini kabisa, haina hata ngazi moja, mlango wa bafu mpana, kituo cha basi mbele, duka la mkate ng'ambo ya barabara, na mwenye nyumba, mzee Lazaros, fundi viatu mstaafu, akasema atatushikia siku tatu. Ndiyo hasa tuliyokuwa tunaitafuta. Jioni ile ile nikapanda Ano Poli, mtaa wa kilimani, nikijidanganya kwamba naenda kuangalia tu, nikaonyeshwa chumba kimoja cha juu chenye dirisha linalotazama mapaa yote mpaka baharini, na kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni kuna ngazi tisini na mbili za mawe. Nilizihesabu, Bi. Polikseni, na nilipofika ya mwisho nikahisi mwili mwepesi, nikajua kwa nini, na si kwa sababu ya bahari. Nilisaini mkataba kesho yake asubuhi. Mzee Lazaros nikampigia kumwambia hatuitaki tena, na Anthula nikamwambia nyumba ya Tumba imeshachukuliwa, nyingine zote hazimfai, akae kwanza kwa shangazi yake mtaa wa Kalamaria, mimi nitaendelea kutafuta.

Hakubishana. Tangazo la nyumba ile nilikuwa nimemtumia mimi mwenyewe kabla ya haya yote, namba anayo, Alhamisi akapanda basi peke yake akaenda Tumba, na mzee akamwambia nyumba iko wazi, ni binti wa Florina aliyepiga simu kuikataa.

Akaniita kwenye mkahawa karibu na kitivo cha sheria anakosoma. Nilitegemea machozi. Akaegemeza magongo kwenye kiti, akaagiza kahawa, akasema, "Mwenzangu, ile nyumba ya Tumba nimeichukua mimi. Nitakaa na Kaliroi wa darasani kwetu."

Nikamuuliza, Kaliroi ataweza? Akanitazama. "Ataweza nini? Kaliroi hata mkoba wangu hagusi mpaka nimwombe. Wewe hukuniuliza hata siku moja kama nataka kukaa nawe. Na mimi sikujua nikuambieje kwamba sitaki."

Nikamweleza habari za kilimani. Akauliza ngazi ngapi, nikasema tisini na mbili, akacheka mpaka watu wakageuka. Kisha kicheko kikamwisha. Akasema, "Ungeniambia umechoka, ningekuelewa. Umeniambia nyumba imechukuliwa. Umeniona mjinga." Akainuka kwenda, na mimi kwa mazoea nikaruka kumfungulia mlango. Akasema, "Kaa." Akausukuma kwa bega, akatoka.

Sasa niko huku juu wiki ya pili, chumba ni kizuri na silali vizuri. Jumapili mama yake alinipigia kuuliza kama Anthula anakula, nikamjibu anakula sana, mama, usijali. Mama yangu naye ametutumia chupa sita za pilipili hoho za kuchoma, tatu zangu tatu za Anthula, zote ziko jikoni kwangu. Je, nivunje mkataba nikatafute chumba Tumba niwe karibu naye? Nimwambie mama? Au ninyamaze, maana Anthula mwenyewe ameshapata pake?

Mimi wa kilimani,
Ano Poli

JIBU

Binti yangu, kuchoka si dhambi. Miaka kumi na tatu ni mingi hata kwa nesi anayelipwa mshahara. Watu wazima wa kwenu walimwona mtoto mmoja akimbeba mwenzake, wakamsifu, wakampa mkate, wakaenda zao, na hakuna aliyejisumbua kuuliza kama shule ile inahitaji njia isiyo na ngazi. Kwa hilo nakuonea huruma.

Kwa uongo wako sikuonei. Nyumba ya chini yenye mlango mpana ni adimu katika mji huu, na wewe uliijua thamani yake kuliko mtu yeyote. Kama Anthula asingekuwa na ile namba, leo angekuwa kwenye sofa la shangazi yake, akikushukuru kwa kuhangaika. Kupanda kilima ilikuwa haki yako. Kumfungia njia ya Tumba haikuwa haki yako, na usinichanganyie mambo haya mawili.

Kisha unaniuliza kama uhamie Tumba. Hapana. Ulidhani wewe ndiye unayemwacha, ukakuta na yeye alikuwa anatafuta namna ya kukuacha, na hapo ndipo panapokuuma. Ukienda kupanga jirani yake utakuwa umeubeba tena mkoba ambao hakukuomba. Mwache na Kaliroi.

Tuje kwenye hiyo nyumba yako, maana ulichagua mtaa kwa kuangalia nani hatafika. Mimi nimeishi Ano Poli miaka tisa. Je, umeupapasa ukuta wa nyuma ya kitanda? Upapase leo, kuta za kaskazini huko hutoa jasho kuanzia Novemba. Je, umemuuliza mwenye nyumba joto la nyumba linawashwa kwa kitu gani, na saa ngapi? Panda na mifuko ya sokoni mikono yote miwili, mvua ikinyesha. Nenda maktaba, rudi, uone kama utakwenda tena kesho au utajifanya mgonjwa. Nunua mkate hapo hapo mtaani, jitambulishe kwa jirani wa chini, maana ukiteleza Januari ndiye atakayekuokota. Baada ya mwezi, kama bado unapapenda, basi ni kwako, kaa bila aibu. Kama hupapendi, mpe mwenye nyumba notisi kwa adabu utafute mtaa unaomfaa mwanafunzi wa kilimo anayeamka mapema. Usikae huko kwa ukaidi, wala usihame kwa kujiadhibu.

Mama zenu wapigiwe simu leo, kabla hujaanza kutunga habari za chakula cha jioni ambacho hukukiona. Mficha uchi hazai. Mama yake umwambie hivi: sikai na Anthula, nilikudanganya Jumapili, nisamehe, mengine muulize mwenyewe. Usiongeze neno. Uongo wako useme wewe, na maisha ya Anthula ayaseme Anthula. Mama yako umweleze yote, pamoja na uchovu. Atalia kidogo. Nadhani alikuwa anajua.

Anthula umwandikie. Umwombe radhi kwa nyumba uliyotaka kumnyima, na usimweleze ulivyochoka, hilo ameshalijua. Chupa zake tatu zipeleke kwa basi mpaka duka la mkate la Tumba, mwachie muuzaji, mwambie ni za binti wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, urudi zako. Usigonge.

Huenda akakuita wiki ijayo, huenda baada ya mwaka, huenda asikuite kamwe. Lakini mpaka leo nyinyi wawili mmekuwa mkipangwa pamoja na watu wengine. Sasa kila mmoja ana anwani yake, na atakayevuka mji kwenda kwa mwenzake atakuwa amekwenda kwa kupenda.

Polikseni