Bibi wa Bafuni kwa Corliss

Jumapili, 6 Oktoba
Msimu wetu wa filamu za kutisha umeanza! Saa kumi jioni tukawa hewani watatu, kwenye kundi letu la simu, mwaka wa tisa huu. Mimi hapa Duluth, Twyla kule Nebraska, Corliss shambani kwake Iowa. Hatujawahi kuonana hata kwa picha — ni maandishi tu. Tukaanza na malalamiko. Hita yangu inakohoa, Twyla kang'olewa jino, Corliss kapoteza miwani tena. Halafu filamu: moja, mbili, tatu, tukabonyeza pamoja, kila mtu kwake. Twyla akasema ile damu ni sosi ya nyanya ya bei poa. Nilicheka hadi paka akatoka mbio.

Kesho mchezo wetu wa Halowini unaanza. Kila mtu anasimulia kitisho cha nyumbani kwake, kidogo kidogo, kana kwamba kimetokea. Marufuku kuuliza "ni kweli?" Ukiuliza, umetolewa. Tunapiga kura, na mshindi ndiye anayechagua filamu ya tarehe thelathini na moja. Corliss ana miaka sabini na sita na hajawahi kushinda.

Jumatano, 16 Oktoba
Corliss kaamka mchezoni! Kuna bibi kizee bafuni kwake, eti. Hajui ni nani. Kila akiingia kunawa anamkuta, anamkodolea macho, hasemi neno. "Na kavaa sweta langu, mwizi mkubwa!" Nywele zilinisimama. Mimi na mzimu wangu wa kabatini — aibu tupu.

Twyla akaandika: "Shoga, umetuua! Endelea!"

Jumapili, 20 Oktoba
Filamu ya tatu. Corliss kauliza mara nne tunaangalia nini. Nikajua ni mbwembwe za mchezo. Akasema amemwita Harlan aje amfukuze bibi, Harlan haitiki. Harlan ni mumewe, kafa miaka sita iliyopita — maua ya msiba nilituma mimi mwenyewe! Twyla akamsifu, fundi huyu, kafufua hadi marehemu. Kisha akampa ushauri: kwenye filamu anayesimama tu ndiye anayekufa, mrushie kitu.

Na mimi nikaongeza. "Kiwe kizito."

Jumatatu, 21 Oktoba
Dukani kutwa nachanganya rangi. Mteja mmoja karudisha nyeupe mara tatu, eti si nyeupe ile. Saa tisa simu ikalia. Picha kutoka kwa Corliss: mkono umefungwa taulo lenye damu, sinki limejaa vipande vya kioo.

"Nimempiga. Sasa wamekuwa wengi."

Nilikaa chini kati ya makopo ya rangi. Kioo. Hakuna bibi, hakuna mchezo — anajiona mwenyewe na hajijui! Wiki nzima mwenzetu anaomba msaada na sisi tunampigia kura. Twyla bado alikuwa anatuma makofi.

Alhamisi, 24 Oktoba
Siku tatu sili vizuri. Mwaka juzi Corliss aliniapisha. Siku akianza kuchanganyikiwa nisimwambie binti yake, Janelle, maana atamtoa kwenye nyumba yake na kumpeleka kwenye makao ya wazee wakamlishe uji. Niliapa. Namba ya Janelle alinipa siku hiyohiyo, ya msiba tu, akasema.

Nilimweleza Twyla. Kwanza akanifokea, eti naharibu mchezo kwa wivu. Halafu ujumbe wa sauti, analia tu.

Jioni nikamuuliza Corliss waziwazi. Ni kweli?

"Umetolewa!" akajibu, na kiuso cha kucheka. Nikashusha pumzi. Dakika mbili baadaye: "Marlys, giza likiingia anahamia dirisha la jikoni. Nimekaa chini ya meza."

Ijumaa, 25 Oktoba
Nimevunja kiapo. Nimempigia Janelle. Hakujua lolote! Anampigia mama yake kila Jumapili, mama anasema mzima. Yuko njiani, dakika arobaini. Kaniomba nimshikilie mama yake kwenye simu, asitoke nje kwenye baridi.

Nimempigia kwa video. Mara ya kwanza kuonana, baada ya miaka tisa! Sura ndogo, laini, bandeji mkononi. Akafurahi sana. "Kumbe una nywele nyekundu, mwenzangu! Nilikuwaza mnene!" Tukacheka wote wawili. Nikajiona msaliti.

Sasa hacheki. Naandika huku simu imeegemea kopo la sukari, nisipoandika nitapiga mayowe. Ameona kile kidirisha cha pembeni mwa skrini, chenye sura yake mwenyewe. Ananong'ona.

"Marlys. Yuko humo. Kaja kwako."

Namwambia hakuna mtu hapa, niko peke yangu na paka.

"Ndivyo wanavyosema wote kwenye filamu! Toka, shoga yangu, toka! Ananiangalia mimi lakini kakukalia wewe begani!"

Natafuta pa kumwambia abonyeze ili kile kidirisha kiondoke. Sipaoni. Janelle amebakiza dakika ishirini. Simu ile ikivunjika sitajua tena aliko.

Corliss amesimama. Haogopi tena, naona usoni, amekasirika kwa ajili yangu. Ameshika birika kwa mkono ule mzima. Ananiambia nifumbe macho.