Wateja Wangu Wanasema Darasa la Mtihani Litamharibia Binti Yangu

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba msaada wako, na usishangae ukiona mwandiko umelala upande, mimi ni mtu wa mkasi, kalamu naishika kwa heshima tu. Mimi ni kinyozi, na si kinyozi wa kuokotwa, nimenyoa manahodha, nimenyoa wacheza mieleka, nimenyoa bwana harusi mmoja aliyekuwa ameshaikimbia harusi, nilipomaliza kumtengeneza akajitazama kwenye kioo akarudi mwenyewe kwa miguu yake. Shule niliiacha mapema, tuliachana kwa amani, lakini dunia nimeisoma mpaka jalada la nyuma, ndiyo maana nashangaa kuona jambo dogo la binti yangu limenishinda.

Binti yangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anataka kusomea ufamasia, na kichwa chake ni changu kabisa, ila chake kimewekewa umeme. Muhula huu shule yao imeleta kipindi cha kuwaandaa wanafunzi kwa mtihani wa kuingia chuo, kiko kwenye ratiba kama somo lolote, akakichagua akaacha uchoraji, mimi nikafurahi nikatangaza dukani kama kawaida yangu. Basi muuza matairi, ambaye nilikuwa namchonga ndevu, akaniuliza kama nina habari kwamba kipindi hicho kitaandikwa kwenye ripoti ya binti yangu, na wakubwa wa chuo wakikiona watasema huyu akili si zake, huyu kabebwa. Mkasi ukawa mzito mkononi. Aliyefuata kitini alikuwa dereva wa teksi, nikamuuliza, akasema ni kweli kabisa. Nikamuuliza karani mstaafu, akakubali huku amefumba macho. Wiki nzima nikauliza kila aliyekaa, hakuna hata mmoja aliyenipinga, na wahenga walisema wengi wape, kwa hiyo nikarudi nyumbani nikamwambia binti atoke kwenye hilo darasa arudi kwenye uchoraji, kwani mwenye akili hafundishwi mtihani, anafundishwa somo.

Hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya. Akanieleza kwamba kwenye mtihani wa majaribio maswali mengi aliyajua, lakini kila akitazama saa ya ukutani mkono ulitetemeka, karatasi zikakusanywa yake ikiwa nusu tupu, na hilo darasa ndilo linamfundisha kugawa muda na kutoganda kwenye swali moja. Nikamwambia woga ni wa kuushinda, baba yako nimenyoa watu ndani ya meli inayoyumba na sikumkata mtu. Ndipo akasema, taratibu, huku anakunja nguo zake: "Baba, mimi naogopa saa. Wewe unaogopa wateja wako."

Tangu siku hiyo ananisalimia vizuri, shikamoo baba, chakula tayari baba, basi. Zamani akitoka shule alipitia dukani, akakaa kwenye benchi akinisomea magazeti na kuwatania wateja wangu, sasa anapita upande wa pili wa barabara. Mama yake naye ananipakulia na kunitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Ijumaa hii ndiyo mwisho wa kubadili masomo, na mwalimu wa taaluma anataka mzazi aende mwenyewe. Nikienda kumtoa, naogopa sitampata tena yule wa kwenye benchi. Nikimwacha, naogopa chuo kitamkataa na mimi nilionywa nikanyamaza. Hilo darasa litamharibia kweli? Nijibu upesi, na ukipita mtaani kwetu, mumeo namnyoa bure.

Kinyozi wa Kimataifa

Shangazi anajibu:

Kinyozi wangu, barua yako nimeivusha foleni kwa sababu ya hiyo Ijumaa. Kwanza pole. Mzazi akishikwa na hofu juu ya mtoto wake huwa hatoi hoja, hutoa amri, na wewe si wa kwanza.

Sasa nikuulize: hao wote waliokubaliana nawe walikuwa wamekaa wapi? Kitini mwako, kitambaa shingoni, na wewe umesimama nyuma yao na wembe. Mwanamume gani mwenye akili timamu atambishia mtu anayemnyoa koo? Hata mimi ningekubali, na mifano ningeongeza. Hukupigisha kura, baba. Uliteka watu.

Mimi nimempigia simu mtu anayefanya kazi ya udahili chuoni, jambo ambalo wewe na mdomo wako wote hukulifanya. Alicheka kidogo, kisha akanieleza kwamba wao huangalia alama za masomo na matokeo ya mtihani wenyewe. Kipindi cha maandalizi hakimpandishi mtu wala hakimshushi. Kinachowafanya wakunje uso ni mwanafunzi anayekimbia somo zito ili akajifiche kwenye jepesi. Binti yako angeacha kemia, ningekuwa upande wako, tena kwa sauti. Lakini kaacha uchoraji, na anataka ufamasia. Hajaharibu kitu. Hata hivyo, vyuo havifanani, kwa hiyo pigieni simu chuo anachokitaka, aulize yeye mwenyewe, na wewe usikilize.

Usitarajie miujiza pia. Hilo darasa halimwagi akili kichwani. Linamzoesha kukaa na muda bila kuganda, na hicho ndicho alichokosa.

Hapa nikukaripie kidogo. Mtoto alikufunulia kidonda, wewe ukamwonyesha misuli. Alikuwa haombi hadithi ya meli. Alikuwa anaomba uamini kwamba mtu mwenye akili anaweza kutetemeka. Na lile neno lake kuhusu wateja limekuuma kwa kuwa ni la kweli, ila nakupa heshima yako: ungeweza kuliruka kwenye barua, na hukuliruka. Mwanamume wa namna hiyo bado anapona.

Leo hii, kabla hujalala, mwambie umekosea. Kwa maneno machache, bila nahodha wala mcheza mieleka. Ijumaa uende shuleni, tena uende naye, umwambie mwalimu wa taaluma mbele yake kwamba darasa halibadilishwi. Dukani nako waambie wateja mara moja kwamba ulikosea, wakiwa wamesimama, si wamekaa. Watakucheka, kisha watarudi, kwa sababu nywele haziachi kuota eti kinyozi kakosea.

Halafu muulize kama atapenda ukae naye akifanya majaribio nyumbani. Akikataa, usilazimishe, muulize tena wiki ijayo. Akikubali, Jumamosi chelewa kufungua duka. Zima redio. Yeye aandike, wewe ushike saa, na usiseme neno mpaka muda uishe, najua hiyo ndiyo kazi itakayokuwa ngumu kuliko zote ulizowahi kufanya. Mkono wake ukianza kutetemeka, usimsimulie kitu. Msogezee glasi ya maji, ukae.