Usiifungue Chupa ya Pili

Duka la Pembejeo,
Nyuma ya Soko, Voi.
Jumatano, 7 Mei 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mansur,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Mwanaesha na watoto, na mgongo wako uwe umepunguza kukusumbua. Sisi hapa hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Shemeji yako Sumayya kikohozi kimemwacha, ingawa vumbi la Voi halijamwacha. Masika ya mwaka huu yametupitia juu juu, na wateja wangu wa Makwasinyi wanasema mahindi yamejikunja kabla ya kubeba.

Najua unajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu zipo. Nimekupigia siku nane hupokei, wala sikulaumu. Ruweida alirudi kutoka kwako analia, akanieleza maneno yaliyopita kati yenu. Nimeyapima nikaona mkosa si wewe wala si yeye. Mkosa ni mimi, ndiyo maana nimemtuma binti yangu huyo huyo akuletee barua hii mkononi. Kabla hujasoma mengine, soma hili: ile chupa ya pili ya dawa usiifungue. Najua unangoja bamvua ya Jumatatu, mwezi ukipevuka, maji yapwe mbali uimwage.

Mwezi wa pili uliniandikia, "Kaa wanamaliza miche ya mikoko. Nitumie dawa." Siku hiyo hiyo nilitoa chupa mbili rafuni nikazipakia kwenye basi. Sikuuliza kaa gani. Sisi tumezaliwa horini, penye mkono wa bahari, Mansur. Kwetu mtu hasemi kaa akanyamaza, lazima aseme kaa gani. Lakini nimeishi bara miaka thelathini na moja, hata kaa wote wamekuwa kaa mmoja kichwani mwangu. Hapa Voi ukitaja kaa, mtu anavuta kiti akidhani umemwambia aketi.

Kuna jingine zito zaidi. Karatasi ya chupa imeandikwa wazi kwamba dawa hiyo isifike majini. Niliisoma, na bado nikaituma. Nilikuwa nimechoka kuwa kaka wa bara, anayetuma pole kila bahari inapomega ufuo. Najua mikoko ile unaipandia nini. Mwaka juzi ulihesabu hatua ishirini na tano kutoka ukingoni hadi kaburi la mama, na sasa zimebaki kumi na moja. Nilitaka na mimi niwe na mkono katika kuizuia bahari. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshazaliwa, anatambaa hapa dukani mchana kutwa.

Ruweida yuko mwaka wa tatu chuoni, anasomea mambo ya bahari, hilo unalijua. Alipokuwa kwako alishuka mbele ya makaburi, pale ulipomwaga chupa ya kwanza kabla ya Ramadhani. Anasema tope limekuwa jeusi, limevaa utando wa kijani unaoteleza, linanuka yai viza. Miche uliyotaka kuiokoa imepiga manjano. Kando yake, ambako hukumwaga, tope limejaa vitonge.

Unavikumbuka vitonge? Mama aliwaita kaa vitonge, wale wadogo ambao dume ana gando moja kubwa la kupunga na jingine dogo la kulia chakula. Alikuwa akitutania tukiwa mbele ya sinia ya wali, "Nyinyi mwafinya tonge mkala. Mwenzenu ala kwanza, tonge aliacha." Tulicheka tukaendelea kula.

Sasa Ruweida amenifafanulia, na naona mama alikuwa ameshafika nusu ya njia. Kaa vitonge huchota tope kidogo, hulichuja kinywani, hula ule utando wa kijani, kisha hutema tope lililobaki likiwa kitonge. Maji yakijaa huvisomba vitonge, na tope jipya hubaki juu. Yakipwa, wanaanza tena. Mashimo yao nayo hupitisha hewa na maji hadi kwenye mizizi. Walikuwa wanakulimia shamba bila jembe, na hawagusi miche. Wanaoikata ni wale wengine, wenye magando mawili sawa, wanaopanda mashina. Dawa yangu haikubagua. Ilimuua mwizi, ikamuua na mkulima.

Ulimwambia Ruweida kwamba mtoto wa bara hawezi kukufundisha matope. Basi nisikilize mimi. Nina mteja, Mama Katuku wa Makwasinyi. Misimu miwili iliyopita alikuja akilalamikia mchwa, nikampa dawa ya kumwaga shamba zima. Mchwa waliisha. Mvua iliponyesha, maji yalipita juu ya shamba lake kama juu ya sakafu, yakaenda zake barabarani, kwa kuwa hakubaki mdudu wa kuitoboa ardhi. Alirudi dukani, wala hakugomba. Alisema tu, "Mzee Rashid, hiyo dawa yako iliua mpaka mchanga." Nilicheka, nikampa kiti. Leo maneno yale yananichoma.

Kwa hiyo, chupa ya pili mpe Ruweida kama ilivyo, airudishe. Mwambie Mwanaesha watoto wasiokote tondo, wale konokono wa mikokoni, upande ule, wala kaa wa kupika, mpaka tujue kuko salama. Miche iliyo kitaluni iache hadi mashina yakomae, maana shina gumu kaa hawalipendi. Pale palipokufa pasiguswe, huenda kaa vitonge wa kando wakahamia wenyewe. Nilimuuliza Ruweida itachukua muda gani, akasema huenda ikawa miaka. Naogopa, Mansur. Naogopa bahari itafika kwa mama kabla yao, na njia nitakuwa nimeifungua mimi.

Ruweida anakuja kukuomba radhi kwa ukali wa ulimi wake. Mpokee, kwa maana ulimi huo ameurithi kwetu sote wawili.

Nisalimie sana Mwanaesha, umwambie Sumayya anamtumia binzari na salamu. Msalimie Ayub, na shangazi Bi Zuhura, umwambie dua zake nazihitaji kuliko wakati wowote. Mungu awafunike kwa rehema zake, na mama pale alipolala amlindie kitanda chake.

Jumatatu maji yakipwa, nenda na Ruweida. Simameni kaburini, mhesabu hatua kwenda baharini hadi mtakapokiona kitonge cha kwanza. Kisha nipigie. Si lazima uniambie umenisamehe. Nitajie tu hesabu ya hizo hatua, na kila bamvua unitajie tena, nijue kama zinapungua.

Wako akupendaye, kaka yako,
Rashid