Kidude Ulichokitundika Chumbani kwa Mama

Baba yangu uliye mbali,

Shikamoo. Nikikusikia kwenye simu maneno hunipotea, nikampa Mama aongee yeye. Ndiyo maana nnakuandikia.

Unakumbuka likizo yako ya mwisho, ulipotundika kile kidude cheupe ukutani chumbani kwenu? Bibi, aliyekuja kutoka Makunduchi kukuona, alikuuliza kama huko kwenye baridi mmekosa cha kununua. Ukanipa karatasi ya maelezo ya kidude, ya Kiingereza, ukasema, "Nisomee, mwalimu wangu." Kwako wewe tu nnasoma kwa sauti bila ya kutetemeka. Nikakufasiria: kikilia mara moja, kikanyamaza, kikalia tena, betri inakwisha. Kikilia mara nne kwa mkupuo, kuna sumu ya makaa, hewa isiyo rangi wala harufu, watu watoke nje. Tukakibonyeza kukijaribu, ukaziba masikio huku unacheka.

Ulipoondoka kikadai betri. Nikaibadilisha, lakini nyumba nzima ikashika kuwa kidude kikilia kina njaa tu.

Kisha Mama akajifungua, Bibi akaja kumlea mzazi kama anavyojua: jiko la makaa chini ya kitanda cha kamba, madirisha yote yamefungwa upepo usimwingie. Makaa yalishika mekundu, hayana moshi hata chembe. Mama akalalamika kichwa, Bibi akamwambia ndio uzazi huo. Alasiri ile kidude kikaanza kulia, Bibi akaniita nikitoe betri kikalale.

Nikasikiliza. Nne, kimya. Nne tena.

Unanijua, Baba. Sijapata kumwambia Bibi hapana. Lakini mdogo wangu alikuwa kifuani kwa Mama, na Mama macho yamemwia mazito. Nikamnyanyua mtoto.

"Arubaini haijafika, unampeleka wapi?"

"Nje, Bibi. Na Mama atoke. Na wewe. Niwie radhi."

Akasema bubu kafufuka leo, na kafufuka hana adabu. Ila Mama alipojaribu kusimama magoti yakamlegea. Bibi akamshika kwapani, tukatoka sote uani.

Tulipofika hospitali, Mama na mtoto walipewa oksijeni. Daktari akatueleza kuwa makaa mekundu yasiyo moshi nayo yanaua, chumba kikifungwa. Bibi akasema taratibu kwamba yeye uzazi wake wote alilelewa hivyo, kwenye nyumba ya makuti. Nikamwambia makuti yanapitisha hewa, Bibi. Kuta hizi za mawe na vioo alivyotia Baba havipitishi. Akanitazama, kisha akanivuta akanibusu kwenye paji la uso.

Sasa Mama anakandwa kwa maji ya moto, na jiko haliingii tena chumbani. Mimi lakini hofu bado haijanitoka. Nikirudi skuli, kabla sijavua sare, nnaweka sikio karibu na pua ya mtoto. Nikishamsikia nnalia kidogo, halafu nnakwenda kula. Hili sijamwambia mtu.

Ana kidevu chako, Baba. Akipiga miayo anakunja uso kama wewe ukiamshwa alfajiri. Rudi umpakate. Yupo.

Nnakubusu mkono,
mwanao, ambaye sasa ni dada wa mtu