Anza na Kona Moja

Mjukuu wangu Masanja,

Mwangaluka, baba. Hapa Ngulyati pamba imechanua, na mdogo wako Minza ndiye anayeniandikia.

Unauliza kama bado tunataka cheti cha msitu unaotunzwa vizuri. Nimechoka! Mwenzako wa mradi alituwekea masharti yote kwa mpigo: ramani, mipaka, njia ya kuzuia moto. Majirani wawili wamejitoa, na mimi nilikuwa njiani kuwafuata.

Nilipoolewa, babu yako aliifunga ngitili yetu yote, hifadhi yetu ya miti na nyasi, ng'ombe wasiingie. Kiangazi kikakaza, ng'ombe wakalia njaa, akauvunja uzio yeye mwenyewe. Nikamwambia, “Funga kona moja tu.”

Akacheka. “Kona moja ndiyo msitu, mke wangu?”

Lakini aliifunga. Mwaka uliofuata akaongeza nyingine. Huko ndiko tunakookota kuni leo.

Basi mwambie mwenzako aanze na mipaka, mengine yatafuata. Na akitoka arudishe miiba kwenye mlango wa ngitili! Juzi aliacha wazi, mbuzi wakala machipukizi yote.

Minza anasema nipunguze ukali. Haya, mwambie pia kwamba yameanza kuchipua tena.

Bibi yako