Uyoga Alioumwaga Halina

Arlette, mjukuu wangu,

Huku Uswidi, mtaani kwetu Akalla, sote wazima, mama yako kapata kazi ya mchana, magoti yangu yanasumbua kama kawaida. Wewe huko Kigoma kula. Ile picha uliyotuma ni mifupa mitupu.

Umeniuliza kwa nini Halina, niliyesafisha naye ofisi, analia akiona kinu cha nyuklia cha Japani kilicholipuka kwenye televisheni, wakati Chernobyl ni mambo ya zamani. Ya zamani kwa nani? Sitaki kukusikia tena ukisema hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilichuma uyoga msituni, nikampelekea mfuko mzima. Akaumwaga kwenye pipa la taka mbele yangu. Nikamwambia kwa Kiswidi changu kibovu, "Mama yako hakukufunza kupokea zawadi?"

Akaniambia uyoga hunyonya sumu ya nyuklia ardhini, na upepo uliileta mpaka misitu ya huku. Kijiji chao kilikuwa karibu na kinu cha Chernobyl. Kilipolipuka hakuna aliyewaonya, naye akaendelea kumpa bintiye maziwa ya ng'ombe wao waliokula majani yenye sumu hiyo. Binti akapata saratani ya tezi ya shingo, akapasuliwa akiwa na miaka tisa.

"Nilimbembeleza amalize kikombe," akasema.

Unajua mimi siombi msamaha ovyo. Siku ile niliomba.

Binti huyo sasa mtu mzima, anaishi mtaa wa Jordbro huku huku, anameza vidonge kila siku, na kila mwaka anapimwa kama ugonjwa umerudi. Halina hawezi kungoja majibu peke yake. Basi mimi hukaa naye. Jumanne tunaenda hospitali kungoja majibu. Asubuhi hiyo usinipigie simu, nitakuwa nimemshika mkono.

Bibi yako