Vikombe Viwili vya Shosho

Kanja, Embu

Mama,

Shusha pumzi. Shosho, mama yako, ni mzima, nami pia.

Mvua ilijaza vyoo vikamwagikia mtoni, na mhudumu wa afya wa kijiji, akihofia kipindupindu, akaagiza maji ya kunywa yachemshwe. Shosho alichemsha kwa bidii. Kisha, eti mgeni asiungue, akanipozea kikombe kwa maji ya mtoni! Nilikuwa nimemaliza viwili mhudumu alipotupata, akamaka:

"Shosho, utaua mgeni na hiyo heshima yako!"

Leo ni siku ya tano tangu vikombe hivyo, tumbo limetulia, na mhudumu anasema kipindupindu kingeshajitokeza, kwa hiyo nimeponea.

Lala usingizi, Mama. Ukipiga simu usimgombeze Shosho. Amejigombeza vya kutosha: siku hizi anachemsha hata maji ya ng'ombe.

Akupendaye,
Mukami